Kuhamia nje ya nchi pamoja na familia: mwongozo kamili wa viza kwa mkazi wa Dar es Salaam

Watu wengi wanaoniuliza habari za viza huanza na nchi. Canada ikoje, Ujerumani bado wanachukua watu, Uingereza kuna ajira? Mimi huwarudisha nyuma na kuwauliza kwanza ni nani na nani wanaosafiri, kwa sababu viza ya mtu mmoja na viza ya baba, mama na watoto watatu ni mambo mawili tofauti kabisa, hata kama nchi ni ileile na kazi ni ileile. Nimeona familia zilizochagua nchi kwa kuangalia mshahara tu, kisha baba akaondoka peke yake akiamini wenzake watamfuata baada ya miezi mitatu, na miaka miwili baadaye bado walikuwa wanaonana kwa simu ya video. Mwongozo huu umepangwa kinyume cha mazoea hayo: unaanza na familia, unafuata aina za viza, halafu nyaraka, fedha, vipimo na safari yenyewe.

Hatua ya kwanza: ihesabu familia kama sheria ya ugenini inavyoihesabu

Sisi tunaposema familia tunamaanisha watu wengi: mke au mume, watoto, mtoto wa marehemu dada tunayemlea tangu akiwa mdogo, bibi anayeishi chumba cha nyuma. Sheria za uhamiaji za nchi nyingi huhesabu watu wachache zaidi, yaani mwenzi wa ndoa na watoto ambao hawajafikia umri fulani, na kila nchi ina umri wake. Uingereza humtaka mtoto awe chini ya miaka 18 siku ya kuomba mara ya kwanza. Marekani huhesabu mtoto hadi kabla hajatimiza miaka 21, naye asiwe ameoa au kuolewa. Canada huenda hadi kabla ya miaka 22, kwa sharti lilelile la kutokuwa na mwenzi. Kwa Ujerumani mpaka ni miaka 18, na kijana aliyekwisha kutimiza 16 ambaye hahamii pamoja na wazazi wake anaweza kutakiwa kujua Kijerumani kwa kiwango cha juu. Kwa hiyo chukua karatasi, andika tarehe ya kuzaliwa ya kila mtoto, na pembeni yake andika siku atakayofikisha 18, 21 na 22. Kama binti yako atatimiza miaka 18 mwezi wa nne mwakani, tarehe hiyo ndiyo itakayopanga ratiba yako yote.

Mtoto unayemlea ambaye hukumzaa anahitaji uangalifu wa pekee. Kumlea tangu akiwa na miaka miwili, kumlipia ada na kumwandikisha shule kwa jina lako hakumfanyi kuwa mwanao mbele ya ofisa wa viza. Kwa Tanzania Bara, njia inayotambulika ni kumwasili kwa amri ya Mahakama Kuu chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na nchi unayokwenda inaweza kuwa na masharti yake juu ya amri hiyo. Ni njia ndefu, inayohusisha ofisi ya ustawi wa jamii, kwa hiyo ianze mapema, kabla hujatafuta hata barua ya ajira. Wapo wanaoshauriwa na watu wa mtaani kutengeneza cheti cha kuzaliwa kinachowataja wao kama wazazi. Nasisitiza kwa nguvu zote kwamba usifanye hivyo: balozi zinaweza kudai kipimo cha vinasaba, na udanganyifu ukigundulika si mtoto tu atakayekataliwa, ni familia nzima, tena kwa miaka mingi.

Upande wa ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa za mke mmoja na za wake wengi, tena kifungu cha 160 kinaweka dhana ya ndoa kwa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi na kupata sifa ya kuwa mke na mume. Hiyo ni kwa ajili ya mahakama zetu. Ofisa wa viza anataka cheti. Na mwenye wake wawili ajue kwamba nchi nyingi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini humpokea mke mmoja tu kama mwenzi, hivyo mazungumzo hayo yafanyike nyumbani kwa uwazi kabla ya fomu yoyote kujazwa.

Wazazi wetu ndio huumiza moyo zaidi. Uingereza ina njia ya kumleta mzazi anayehitaji uangalizi wa muda mrefu, lakini masharti yake ni magumu kiasi kwamba wachache sana hufaulu. Canada ina viza maalumu ya wazazi na mababu wa raia na wakazi wa kudumu, ambayo humruhusu mgeni kukaa hadi miaka 5 kwa kila anapoingia. Ujerumani imefungua mlango kwa wataalamu waliopata kibali chao cha kwanza tangu 1 Machi 2024, ambao wanaweza kuomba kuwaleta wazazi wao wakiwa na kipato na bima ya afya ya kuwatosha.

Hatua ya pili: chagua viza kwa kuuliza mwenzi na watoto watapata nini

Kwa kila njia unayoifikiria, uliza maswali matatu. Je, wategemezi wanaruhusiwa? Mwenzi ataruhusiwa kufanya kazi? Tunaweza kuomba wote kwa pamoja? Majibu hubadilika mara kwa mara, na katika miaka ya karibuni yamebadilika sana.

Uingereza ndiyo iliyowashangaza wengi. Tangu 1 Januari 2024 mwanafunzi wa kigeni hawezi kuja na mwenzi wala watoto, isipokuwa anasoma shahada ya uzamivu au programu ya utafiti, au amepewa ufadhili wa Serikali. Shahada ya uzamili ya kawaida ya mwaka mmoja, ambayo zamani ilikuwa njia ya familia nyingi, haifungui tena mlango huo. Wahudumu wa wazee na wagonjwa walizuiwa kuleta wategemezi kuanzia 11 Machi 2024, na tarehe 22 Julai 2025 uajiri mpya wa wahudumu hao kutoka nje ya nchi ukasimamishwa kabisa. Ukimsikia mtu Kariakoo au Mbagala bado anauza nafasi za uhudumu wa wazee Uingereza, anauza kitu ambacho hakipo. Inayobaki kwa familia ni viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi: kazi iwe ya kiwango cha shahada, mwajiri awe na leseni ya udhamini, na mshahara wa kawaida uanzie pauni 41,700 kwa mwaka, ingawa kada kama za afya na ualimu zina viwango vyake. Mwenzi anayefuatana na mwenye viza hii anaruhusiwa kufanya kazi. Aliyefunga ndoa na raia au mkazi wa kudumu wa Uingereza hupita njia nyingine, ya mwenzi, ambayo tangu 11 Aprili 2024 inadai kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka.

Ujerumani, kwa maoni yangu, ndiyo inayoifikiria zaidi familia ya mtaalamu. Mwenye Kadi ya Buluu ya Ulaya, yaani mwenye shahada inayotambulika na mkataba wa mshahara unaofikia kiwango kinachopangwa kila mwaka, anaweza kuleta mwenzi ambaye hadaiwi cheti cha Kijerumani kabla ya safari, na mwenzi huyo huruhusiwa kufanya kazi yoyote. Katika njia nyingi nyingine, mwenzi hutakiwa kufaulu mtihani wa Kijerumani wa ngazi ya A1, yaani ya mwanzo kabisa, ambao kwa bahati nzuri unafundishwa na kutahiniwa hapa Dar es Salaam katika Goethe-Institut, Upanga. Wapo wanaoitamani Kadi ya Fursa, Chancenkarte, iliyoanza 1 Juni 2024. Hiyo humruhusu mtu kwenda kutafuta kazi hadi mwaka mmoja, lakini ni kadi ya mtafutaji na kwa kawaida haimpi nafasi ya kuita familia. Itumie kama una mwenzi aliyekubali kusubiri, na kama mna akiba ya kuendesha nyumba mbili.

Canada bado inapokea familia kupitia Express Entry, mfumo ulioanza mwaka 2015 unaotoa alama kwa umri, elimu, lugha na uzoefu wa kazi, na ndani yake mwenzi na watoto huombwa pamoja na mwombaji mkuu katika ombi moja la ukazi wa kudumu. Kwa wanaopitia masomo mambo yamebana: tangu 21 Januari 2025 mwenzi wa mwanafunzi hupata kibali cha kazi cha wazi, yaani cha kufanya kazi kwa karibu mwajiri yeyote, pale tu mwanafunzi anaposoma uzamivu, uzamili wa miezi 16 au zaidi, au programu chache za kitaaluma zilizotajwa. Kuna kanuni moja ya Canada ambayo kila Mtanzania anapaswa kuijua kabla hajagusa fomu. Ukiomba ukazi wa kudumu, unatakiwa kumtaja kila mwenzi na kila mtoto, hata asiyesafiri, hata aliyezaliwa nje ya ndoa na anayeishi kwa mama yake Morogoro. Mtoto usiyemtaja na ambaye hakupimwa afya wakati ule, kwa kawaida huwezi kumdhamini baadaye kama mwanafamilia. Wanaume wengi huficha mtoto ili kuepuka ugomvi nyumbani, na kwa kumficha humfungia mlango mtoto ambaye hana kosa lolote.

Marekani sitaieleza kwa kirefu. Kwa tangazo la Rais wa nchi hiyo la 16 Desemba 2025, lililoanza kutumika 1 Januari 2026, Tanzania iliwekwa katika kundi la nchi zenye zuio la sehemu, ambalo linagusa viza za uhamiaji, za wageni, za wanafunzi na za mabadilishano, isipokuwa kwa waliokwisha kuwa na viza halali na makundi machache yaliyosamehewa. Kabla ya kulipa senti moja kwa ajili ya Marekani, soma kwanza tovuti ya ubalozi wao uliopo Msasani uone zuio limefikia wapi.

Falme za Kiarabu hutofautisha wazi kati ya mwenye mshahara wa kutosha na asiye nao: mkazi anaweza kumdhamini mwenzi na watoto akiwa na mshahara wa dirham 4,000 kwa mwezi, au 3,000 pamoja na makazi. Mtoto wa kiume ambaye hajaoa anaweza kudhaminiwa hadi miaka 25, na binti ambaye hajaolewa hana kikomo cha umri. Anayekwenda Oman au Dubai kwa kazi za ndani ajue kwamba mkataba wa aina hiyo hauna nafasi ya familia, na mkataba wenyewe uthibitishwe kupitia Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, pamoja na ubalozi wetu katika nchi husika. China ina viza ya S1 kwa mwenzi, wazazi na watoto walio chini ya miaka 18 wa anayesoma au kufanya kazi huko, wanapokusudia kukaa zaidi ya siku 180, lakini haimpi mwenzi ruhusa ya kufanya kazi.

Tusisahau jirani. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu 1 Julai 2010, inamruhusu mfanyakazi wa nchi mwanachama kufuatana na mwenzi na watoto wake. Nairobi na Kigali si Toronto, lakini basi linafika, na watoto wanaweza kurudi kwa bibi kila likizo.

Hatua ya tatu: zilinganishe nyaraka zote kabla hujaomba chochote

Hapa ndipo maombi mengi yanapokwama, na hapa ndipo nakuomba utumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Mali bila daftari hupotea bila habari, na familia bila vyeti hupotea vivyo hivyo.

Mwaka jana nilikaa na mama mmoja wa Tabata, tukatandika vyeti vyake vyote kwenye meza ya kulia chakula. Cheti cha kuzaliwa kiliandika jina la baba yake Salum. Cheti cha kidato cha nne kiliandika Salumu. Kitambulisho cha Taifa kilikuwa na Saloum, na pasipoti ilifuata kitambulisho. Kwenye cheti cha ndoa hakukuwa na Salum yeyote, kwa sababu sheikh aliandika jina lake la kwanza na la ukoo basi. Kwake yeye huyo ni mtu mmoja, na sisi sote tunajua ni mtu mmoja. Kwa ofisa aliyekaa maelfu ya kilomita, hao ni watu wanne. Ilimchukua miezi minne kuyanyoosha.

Fanya kama tulivyofanya. Tandika mezani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, pasipoti, cheti cha ndoa na vyeti vya shule vya kila mtu, kisha kwa kalamu andika jina kamili na tarehe ya kuzaliwa kama vilivyo kwenye kila karatasi, herufi kwa herufi. Kosa la cheti cha kuzaliwa au cha ndoa lililotokea Tanzania Bara hurekebishwa RITA, wakala wa Serikali unaosajili vizazi, vifo na ndoa. La Unguja na Pemba hurekebishwa kwa wakala wa usajili wa matukio ya kijamii wa Zanzibar. La kitambulisho hurekebishwa NIDA. Vyeti vya mitihani havibadilishwi kirahisi, kwa hiyo jina lililoko kwenye cheti cha NECTA mara nyingi ndilo linalofaa kufuatwa na mengine yote, na pale isipowezekana andaa hati ya kisheria ya kutambua majina yote kuwa ya mtu mmoja, iliyoandaliwa na wakili na kusajiliwa. Kiapo cha karatasi moja chenye muhuri tu kinaweza kusaidia kueleza tofauti ndogo ya herufi, lakini hakibebi tofauti ya tarehe ya kuzaliwa.

Watoto wengi wa Dar es Salaam wana tangazo la kizazi la hospitali na hawana cheti. Tangazo hilo halikubaliki kwa viza. Maombi ya cheti hufanyika siku hizi kwa mtandao kupitia mfumo wa eRITA, na baada ya kukipata omba pia uhakiki wake, ule uleule ambao wanafunzi huufanya wanapoomba mkopo wa elimu ya juu. Hakikisha majina ya wazazi wote wawili yamo. Cheti chenye jina la mama peke yake si kosa, lakini baba akitaka kumchukua mtoto huyo atadaiwa uthibitisho mwingine.

Kuhusu cheti cha ndoa nina sababu ya kusema kwa uchungu. Padri, mchungaji au sheikh mwenye leseni ya kufungisha ndoa hutoa cheti cha Serikali, na nakala yake hutakiwa kufika RITA. Yetu haikuwa imefika. Wakala aliyetujazia fomu alituhakikishia kwamba karatasi tuliyopewa siku ya harusi inatosha, tukalipa ada, na ombi la mke wangu likakataliwa kwa kuwa ndoa haikuweza kuthibitishwa. Kwenda RITA kuuliza kama ndoa yetu imo kwenye daftari kungetugharimu asubuhi moja tu. Nenda ukaulize. Na kama uliwahi kuoa au kuolewa kabla, tafuta amri ya mahakama ya kuvunja ndoa ile, kwa sababu karatasi ya talaka ya nyumbani peke yake haitamridhisha ofisa.

Cheti peke yake pia hakithibitishi kwamba ndoa ni ya kweli. Weka pamoja barua ya posa, picha za kupeleka mahari, za send-off na za harusi zenye ndugu wa pande zote mbili, mkataba wa pango au hati ya nyumba yenye majina yenu, miamala ya kutumiana fedha za matumizi na rekodi za mawasiliano mlipokuwa mbali. Chagua vichache vinavyoonyesha miaka tofauti. Picha mia mbili za siku moja ya harusi zinathibitisha siku moja tu.

Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja anahitaji barua ya ridhaa ya mzazi wa pili, iliyosainiwa mbele ya wakili, ikiwa na nakala ya kitambulisho chake. Kama mzazi huyo amefariki, cheti cha kifo. Kama hajulikani alipo, amri ya mahakama ya malezi. Nyaraka za Kiswahili zitafsiriwe na mfasiri anayetambulika, na kwa nchi zinazodai uthibitisho wa mihuri, kama zile za Kiarabu, hati hupita kwanza Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki, kisha ubalozi wa nchi husika. Pasipoti za wote, ambazo ada yake ni shilingi 150,000 kwa kila mtu, ziombwe baada ya majina kunyooka, la sivyo utalipa mara mbili.

Hatua ya nne: piga hesabu ya fedha kwa familia nzima

Makosa ya bajeti hutokana na kuangalia ada ya mtu mmoja. Chukua mfano wa mfanyakazi mwenye ujuzi anayekwenda Uingereza kwa miaka 3 akiwa na mke na watoto wawili. Mchango wa huduma ya afya ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima na pauni 776 kwa mtoto. Watu wazima wawili kwa miaka 3 ni pauni 6,210, watoto wawili ni pauni 4,656, jumla pauni 10,866, na zote hulipwa siku ya kuomba, kabla ya kugusa ada za viza zenyewe na nauli. Wenye viza ya wafanyakazi wa afya husamehewa mchango huu pamoja na familia zao, na msamaha huo peke yake unaweza kuamua muuguzi aende lini na nani. Kabla ya kusaini mkataba, mwulize mwajiri kama atalipia mchango wa familia au wako tu, na jibu liwe la maandishi.

Nchi nyingine hutaka fedha zilale. Mwanafunzi wa Ujerumani huweka euro 11,904 za mwaka mmoja kwenye akaunti iliyozuiwa. Uingereza hutaka akiba ya masomo iwe imekaa benki siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango, hata siku moja.

Na hapa ofisa huangalia zaidi ya salio. Akaunti iliyokuwa na laki tatu kwa miezi mitano, kisha ikaingiziwa milioni arobaini wiki moja kabla ya maombi, humfanya aamini fedha zimeazimwa. Fedha za kikoba ni fedha halali, fedha za kuuza kiwanja Kigamboni ni halali, na mchango wa mjomba ni halali pia, lakini kila moja iambatane na maelezo: daftari la kikoba lenye saini za viongozi siku ya kuvunja, mkataba wa mauzo ya kiwanja, barua ya mjomba pamoja na taarifa yake ya benki. Anza kupitisha mapato yako benki angalau miezi sita kabla, hata kama biashara yako yote ni ya fedha taslimu na malipo ya simu.

Hatua ya tano: vipimo, lugha na cheti cha polisi

Hivi vina muda wa kuisha, kwa hiyo usivifanye mapema mno. Anayekwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi 6 hupima kifua kikuu katika kliniki iliyoidhinishwa, na hapa Dar es Salaam kazi hiyo hufanywa na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM. Cheti chake hudumu miezi 6. Watoto chini ya miaka 11 kwa kawaida hawapigwi eksirei, bali huulizwa maswali na daktari. Canada nayo ina madaktari wake walioteuliwa, na barua ya daktari wa familia haikubaliki badala yao. Mama mjamzito aseme mapema kabla ya eksirei.

Matokeo ya IELTS, mtihani wa Kiingereza, hudumu miaka 2. Kwa baadhi ya viza za Uingereza mtihani lazima uwe ule ulioidhinishwa kwa ajili ya viza, si wa kawaida wa vyuo, na wapo waliolipia mtihani mara mbili kwa kutouliza swali hilo. Cheti cha kutokuwa na kumbukumbu za uhalifu, ambacho wengi hukiita cheti cha tabia njema, hutolewa na Jeshi la Polisi baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Kama umewahi kuishi nchi nyingine, unaweza kudaiwa na cha huko.

Hatua ya sita: jaza fomu mwenyewe, au keti karibu na anayekujazia

Fomu za nchi karibu zote tulizotaja hupatikana kwenye tovuti rasmi za serikali husika, na kuzisoma ni bure. Ukimtumia wakala, usimwachie nywila, barua pepe wala pasipoti halisi, na usisaini karatasi tupu. Barua pepe iliyoandikwa kwenye ombi iwe yako, kwa sababu ndiyo itakayopokea maswali ya ofisa, na maswali mengine hupewa siku chache tu kujibiwa. Anayekuahidi viza ya uhakika anakudanganya, kwa kuwa uamuzi hautoki kwake.

Majibu ya mume na ya mke yafanane kwa ukweli. Kaeni jioni moja mkumbushane tarehe mliyokutana, tarehe ya mahari, safari za nje mlizofanya na viza mlizowahi kukataliwa. Kukataliwa zamani kutajwe daima, kwani kukataliwa kunaelezeka, ila kukuficha huchukuliwa kama uongo.

Siku ya kutoa alama za vidole, kila mwanafamilia hufika na pasipoti yake, pamoja na mtoto mdogo anayepigwa picha tu. Nenda na maji na kitu cha kumlisha, maana foleni za asubuhi mjini hazina huruma na watoto.

Ikitokea mmekataliwa, soma barua ya sababu neno kwa neno kabla ya kuomba tena. Kama sababu ni karatasi iliyokosekana, ombi jipya lenye karatasi hiyo mara nyingi ni la haraka kuliko rufaa. Kama ofisa amekosea sheria au ameacha kuangalia ushahidi uliokuwemo, hapo rufaa au mapitio yana maana, na wakili wa uhamiaji anayetambuliwa na nchi hiyo anastahili kulipwa.

Hatua ya saba: kabla ya kwenda uwanjani

Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Jambo hili liwekwe wazi mapema baina ya mume na mke, kwa sababu miaka mitano au sita baadaye, nchi ya ugenini itakapowapa nafasi ya uraia, mmoja atatamani na mwingine atakumbuka shamba la baba yake. Mtoto atakayezaliwa huko asajiliwe pia kwenye ubalozi wetu, na mjue kwamba akifikia utu uzima atatakiwa kuchagua.

Omba shuleni barua za uhamisho na ripoti za miaka miwili za kila mtoto, pamoja na kadi za chanjo za kliniki, kwa kuwa shule za huko huzidai wiki ya kwanza. Acha nakala zilizothibitishwa za vyeti vyote kwa ndugu mmoja mnayemwamini, na mpe wakili wenu hati ya uwakilishi kama mnaacha nyumba au kiwanja. Vyeti halisi visiwekwe kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege. Mama avibebe kwenye mkoba wake wa mkononi, vikiwa kwenye bahasha moja ya plastiki, cheti cha kila mtoto kikiwa kimeshikizwa na pasipoti yake.